Herufi Mbili za Midomo

Jumatatu na Alhamisi, jua likianza kuchoka,
napanda ngazi za juu ya duka la sufu
na nili bado imo kwenye kucha zangu.
Kutwa nimetia viraka mazulia yaliyoliwa na nondo;
sasa natia viraka ulimi.
Miaka sitini na mmoja. Kituruki nilizaliwa nacho,
hapa hapa Tabrizi. Kiajemi nilikisikia redioni
kama mtu asikiavyo majirani wakila.

Mwalimu Mehrangizi anaandika ubaoni: *ta*.
Maana yake *ili*. Likija hilo, kitenzi huvua *mi*,
huvaa *be*.
*Miravam*, naenda.
*Beravam*, niende.
La kwanza ni la mtu aliye njiani,
la pili la mtu aliyesimama mlangoni
na kiatu kimoja mguuni.

Baada ya labda, *be*. Baada ya lazima, *be*.
Baada ya laiti, *be*, na pumzi ndefu.

Ildirimu, fundi wa mabomba, akanyoosha mkono:
"Na nikitaka niwe na nyumba?"
Mwalimu akafuta ubao wote kwanza.
"Kuwa na kitu hakuvai *be*. Utasema *dashte basham*,
kana kwamba: niwe nimeshakuwa nacho."
Fundi akatazama viatu vyake.
Miaka kumi na tisa ya kodi ikampita usoni.
"Kumbe hata kutamani," akasema,
"sharti uwe umeshapata."
Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Kazi ya nyumbani: sentensi moja yenye kusudi.
Mmoja akaandika, ili nisome bili ya umeme.
Mmoja, ili daktari asiniulize ugonjwa wangu
kupitia kinywa cha mwanangu.
Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika:
ili niongee na Parastu.

Parastu ana miaka mitano.
Ni wa mwanangu Yashari, kazaliwa Bandar Abasi,
kwenye joto la makontena na chumvi.
Kituruki changu hakumrithisha mtu.
Kwenye simu tulikuwa tukipeana pumzi,
busu moja, kisha mama yake anaichukua.

Wiki nzima nilifunga sentensi kwenye kila fundo la uzi:
*delam mikhad biyam*.
Moyo wangu wataka nije.
Nije tu. Sikusema lini. Nauli sina.

Ijumaa nikapiga. Laini ikakwaruza.
*Biyam*, nije. *Miyam*, nakuja.
Kati yao hakuna kitu ila midomo:
yote miwili hufunga, yote miwili hufungua,
moja kwa pumzi ya pua, moja kwa mpasuko mdogo.
Nikasikia mtoto akikimbia, nyayo kwenye vigae,
akipiga kelele nyumba nzima:
"*Nane miyad!* Bibi anakuja!"

Nilikuwa na kanuni yote kinywani.
Mjukuu wangu, ile ilikuwa shauku, haikuwa taarifa.
Lakini alikwisharudi kwenye simu, anahema:
"*Chand ta shab?*" Nilale mara ngapi?
Na *ta* yake ni ile ile ya ubaoni,
ile ile ya muuza mkate, *do ta*, miwili,
ile ile ya *mpaka*.
Neno moja linahesabu, linangoja, linakusudia.

Nikasema kumi na mbili. Sijui kwa nini kumi na mbili.

Nikauza kitanzi changu kidogo cha kufumia.
Mwalimu nilimwonyesha kosa langu kwenye daftari;
akalitazama kitambo, kalamu nyekundu hewani,
akafunga kalamu.

Stesheni, saa kumi na mbili kasoro.
Mpaka leo sijui kama niliteleza mimi
au ni waya ulioteleza.
Kapuni mna jozi za kukaanga na soksi za sufu
kwa mji usiojua baridi; Yashari atanicheka.
Behewa linagutuka.
*Miravam*, nasema taratibu,
nikiishika ile *m* kwa muda
kabla sijaiachia.